Sahani Iliyovaa Nguo Nne

“Mama Koti, hivi hiyo mashine yenu inaumwa homa, au mnaipeleka kuolewa?”

Swali hilo lilitoka kwa jirani yake, muuza mkaa, siku alipochungulia barazani akamkuta amepiga magoti juu ya blanketi la kijani, wembe mkononi, anakata duara. Alikuwa anakata kwa wembe kwa sababu mkasi wake ulikuwa umefungiwa mahali, na habari ya mkasi huo itakuja yenyewe.

“Haiumwi, jirani. Inashonewa nguo.”

“Nyingine?”

“Nyingine.”

“Ya ngapi sasa hiyo?”

Mama Koti akalamba ncha ya uzi, akaulenga kwenye tundu la sindano, akakosa. “Ya nne,” akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja umri wake mbele ya wageni.

Muuza mkaa akatua gunia. “Mimi nina magauni mawili, na moja ndilo hili la mkaa. Kesho naenda kujiandikisha niwe mashine.” Akacheka, akajitwisha, akaenda zake. Lakini kicheko chake kilibaki barazani, na Mama Koti akafanya kazi asubuhi nzima kimemkalia begani.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kutafutia dhahabu. Ni fimbo ndefu, juu ina kisanduku cha vitufe, na chini ina duara bapa la plastiki lililozungushiwa nyaya ndani kwa ndani, ambalo wenyewe huliita sahani. Sahani ndiyo pua ya mashine. Mpimaji huvaa visikilizio, akaipitisha sahani juu ya ardhi, kushoto kulia, kushoto kulia, kama mtu anayefagia bila kugusa vumbi. Kama chini kuna chembe ya madini, mashine humlilia masikioni. Sahani ikipasuka ikaingiwa na maji, basi fimbo yote inafaa kuangulia mapapai.

Mpimaji wa kikundi alikuwa mume wa Mama Koti. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Miaka minane alikuwa amezunguka na mashine ile kwenye kilima nyuma ya makazi, na masikio yake yalijulikana. Alikuwa anaweza kukwambia hiki ni kisoda, hiki ni msumari, hiki chimba, kabla jembe halijainuliwa. Familia ishirini zilikula kwa masikio hayo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule pale pale barazani kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na jina la Mama Koti alilipata kwa sababu ya sahani. Ilikuwa hivi. Sahani ya kwanza ya kikundi iliburuzwa juu ya mawe na visiki mpaka tumbo lake likalika, nyaya zikaonekana kama mbavu. Asubuhi moja mvua ikanyesha, mashine ikanyamaza, na kikundi kikakaa bila kazi msimu mzima hadi ilipopatikana sahani nyingine. Msimu huo mumewe alibeba matofali ya watu. Alirudi kila jioni vidole vimechubuka, akala, akamshukuru Mungu, hakusema kitu. Kimya kile ndicho kilichomuuma mkewe kuliko malalamiko.

Sahani mpya ilipokuja, aliiomba usiku mmoja tu aiweke mezani. Akaipima kwa utepe wake wa kupimia viuno. Akachukua beseni la plastiki lililopasuka, akakata kitako chake duara sawasawa na sahani, akakizungushia ukingo wa turubai, akashonea tepe za pamba za kufungia. Hakutia kifungo cha chuma wala zipu wala pini, kwa sababu mumewe alimwonya kwamba chuma chochote kikikaa karibu na pua hiyo, mashine itakinusa hicho badala ya ardhi. Pale waya unapoingilia sahani, ambapo ndipo hukatikia, akaufunga kwa kitambaa laini na kuuachia nafasi kidogo, kama mshipi wa mama mjamzito.

Na kila jioni mumewe alizifungua zile tepe, mkewe akakung'uta mchanga. Kilima kile kina mchanga mweusi wenye chuma ndani yake, na ukijikusanya kati ya sahani na kifuniko, mashine huusikiliza huo kutwa. Akaiosha kwa maji matupu, akaianika kivulini. Mwaka ukapita. Ukivua kifuniko, sahani ilikuwa laini kama yai. Kitako cha beseni kilikuwa kimekwaruzika vibaya, naye akakata kingine. Basi. Ilikuwa kazi ndogo, ya adabu, na Mama Koti aliifanya huku akiimba nyimbo za kumsifu Mungu.

Angeachwa hivyo, hadithi ingeishia hapa. Lakini siku moja alipita mgeni kutoka ofisi za juu, akaiona sahani imevaa, akasema, “Hongereni sana.” Maneno mawili hayo yaliunda kamati.

Iliitwa Kamati ya Ulinzi wa Sahani. Mwenyekiti wake alikuwa ndiye mwenyekiti wa kikundi, mtu wa kifua kipana ambaye hata akiomba maji ya kunywa alianza na “ndugu zangu wapendwa.” Katibu alikuwa wifi yake Mama Koti, dada wa mpimaji, mwanamke mwenye mwandiko mzuri na kalamu tatu. Walipata ofisi ya chumba kimoja, dirisha la nondo, mlango mpya wa mbao ngumu wenye kitasa. Ufunguo ulikuwa mmoja. Mwenyekiti aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

Ukaguzi wa kwanza wa kamati ulikuwa wa kusikitisha. Mwenyekiti aligeuza sahani juu chini, akapitisha kidole kwenye kitako cha beseni.

“Mama Koti! Mbona kifuniko kimechakaa?”

“Kimechakaa ndiyo, mwenyekiti. Ndiyo kazi yake. Kinachakaa ili sahani isichakae.”

“Yaani wewe umekaa tu unaangalia kinachakaa?”

“Kikiisha nakata kingine.”

“Hapana, hapana.” Mwenyekiti alitikisa kichwa kama daktari. “Mali ya kikundi haichakai chini ya uongozi wangu. Katibu, andika. Kifuniko kinahitaji kulindwa.”

Wifi akaandika. Hivyo ikazaliwa nguo ya pili, ya kulinda nguo ya kwanza. Ilikuwa ya sponji nene ya godoro. Mama Koti aliishona shingo upande. Alijua sponji inanywa mchanga na maji, na alijua pua ukiiinua mbali na chungu haisikii harufu. Lakini siku ya kuikabidhi watu walipiga makofi, mwenyekiti akamwita “mama yetu wa ubunifu,” na yeye, ambaye tangu amalize shule ya msingi hakuwahi kupigiwa makofi na mtu, alijikuta anatabasamu. Hakusema kitu. Alivishwa kilemba cha ukoka, na kwa kweli kilimkaa vizuri.

Nguo ya tatu ilikuwa ya kulinda sponji isilowe. Kitambaa alikileta wifi mwenyewe. Kilikuwa cha rangi ya fedha, kinang'aa, kinachakarika ukikigusa.

“Wifi,” Mama Koti alisema, “hiki si kama kina bati ndani yake?”

“Bati wapi, wifi? Ni mng'ao tu. Na wewe, kila kitu kizuri lazima ukitilie mashaka.”

Akakishona. Kwa nyuzi za njano akatarizi jina la kamati kuzunguka ukingo, na lilikuwa refu mpaka herufi za mwisho zikabanana kama watu kwenye benchi la zahanati.

Uzinduzi wa nguo hiyo ulikuwa na viti, kipaza sauti na utepe mwekundu. Mwenyekiti aliomba mkasi wa kukatia utepe, na mkasi uliokuwapo ni wa Mama Koti, mkasi mzito wa chuma aliourithi kwa fundi wake wa zamani, wenye vishikio vilivyolika kwa umbo la vidole. Akakata utepe. Watu wakashangilia. Mama Koti akanyoosha mkono kuupokea.

“Aa, mama, subiri kwanza,” mwenyekiti akasema kwenye kipaza sauti. “Mkasi huu sasa ni mkasi wa uzinduzi. Utahifadhiwa ofisini. Tena ni salama zaidi, maana tumepata taarifa kuna watu wanafunguafungua vifuniko jioni. Kuanzia leo, marufuku kuvifungua. Tunavilinda.”

Wifi akaandika. Mkasi ukawekwa ofisini juu ya kitakia, kando ya buku la maazimio. Mlango ukafungwa kwa ufunguo. Halafu muziki ukapigwa, na mwenyekiti, kwa furaha ya uongozi, akacheza. Alicheza kwa mabega na tumbo. Muziki uliponyamaza, kamba ya kiatu shingoni mwake ilikuwa imekatika na ufunguo haupo.

Walitafuta kwa macho, wakatafuta kwa ufagio. Kesho yake mtu mmoja akasema kile ambacho kila mtu alikuwa anakifikiria: si tuna mashine? Ufunguo si ni chuma?

Basi mpimaji akaitwa. Akavaa visikilizio, akaipitisha uwanjani sahani yenye nguo tatu, na wanakikundi wote wakiwa wamejipanga ukutani kama wanaopigwa picha. Mashine ililia. Wakachimba, hakuna. Ikalia hatua moja mbele. Wakachimba, hakuna. Ililia kila mahali, ililia hata ilipoinuliwa hewani. Mbele ya mlango, mahali pa kiti cha mwenyekiti, ililia vilevile, lakini hapo hawakuchimba kwa sababu mwenyekiti hawezi kukaa juu ya shimo. Mpimaji akashusha nguvu ya mashine hadi ikatulia, akapita tena uwanja mzima. Sasa haikulia popote. Jioni kulikuwa na mashimo kumi na manne na ufunguo hakuna.

Kuanzia siku hiyo kamati ilikaa vikao vyake nje, mbele ya mlango wake yenyewe, ikiruka mashimo. Kuvunja mlango kulipendekezwa mara tatu. Haikuwezekana, kwa kuwa azimio la kuvunja lazima liandikwe kwenye buku la maazimio, na buku lilikuwa ndani. Huko kilimani nako kukawa kukavu. Mwezi ukapita, wa pili ukaingia, mpimaji anarudi na misumari miwili na jasho.

Watu wakaanza kunong'ona. Mashine ni ile ile, wakasema, na imetunzwa kuliko zamani, nguo tatu! Kilichozeeka ni masikio. Mwingine akasema alimsalimia mpimaji njiani asijibiwe. Mwingine akasema ametia pamba masikioni makusudi. Na mwenyekiti akakumbuka kwamba ana shemeji yake aliyewahi kuuza redio, mtu mzoefu wa mambo ya sauti.

Azimio la kumwondoa mpimaji liliandikwa nyuma ya kalenda ya mwaka jana. La kuvunja mlango lilihitaji buku. La kumvunja mtu lilitosha kwenye kalenda. Lilibaki kusomwa tu kwenye kikao cha Jumamosi, na wakati huohuo ikaagizwa nguo ya nne, ya blanketi, ili mashine ipunguze kelele kabla shemeji hajaanza kazi.

Hiyo ndiyo nguo aliyoikuta muuza mkaa.

Alasiri ya siku hiyo hiyo mpimaji alikuwa ameketi kizingitini, amempa mkewe mgongo, anapitisha kamba mpya kwenye kiatu. Mama Koti alimwangalia kisogo. Akawaza matofali. Safari hii atayabeba akiwa na umri mkubwa zaidi, na huku watu wanampigia kelele barabarani wakidhani hasikii.  Na vipi kama ni kweli? Akachukua sindano, akanyoosha mkono, akaiachia ianguke kwenye saruji.

“Mama watoto, sindano hiyo,” mumewe akasema bila kugeuka.

Akangoja kidogo. Akadondosha kifungo.

“Na kifungo hicho. Cha shati, si cha koti. Una nini leo, mikono inatetemeka?”

Mama Koti akaweka kazi chini, akaenda akakaa naye kizingitini. “Baba watoto, masikio yako ni mazima.”

“Najua.”

“Sasa mashine ina nini?”

Mumewe akavuta kamba, akaifunga, akaifungua tena. “Nikipandisha nguvu, inapiga kelele kila nikitikisa mkono. Nikishusha, haisikii kitu.”

“Tangu lini?”

Mumewe akaiachia kamba. Jicho lake lilikwenda kwenye lile blanketi la kijani, likarudi kwenye kiatu.

“Tangu nguo ya pili?”

“Ya pili iliidhoofisha. Ya tatu ndiyo iliyoimaliza. Kile kitambaa chako kinachong'aa kinachezacheza, na mashine inakizomea. Na mchanga umejaa humo ndani, tumekatazwa kufungua.”

“Na hukusema!”

“Walikuwa wanakupigia makofi,” mumewe akasema. “Sijawahi kukuona umefurahi vile. Nikaona, aa, waache waseme mimi ni kiziwi.”

Mama Koti akainuka. Akaingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda kama ilivyokuwa desturi yake. Alitaka kumwomba Mungu aifungue macho kamati. Lakini alipofumba macho aliona uzi wa njano, mishono yake mwenyewe, midogo, iliyonyooka. Kamati iliagiza, sawa. Lakini mkono ulioshona ulijua tangu mwanzo. Akabadilisha ombi. Akaomba ujasiri wa kufumua.

Jumamosi kamati ilikaa mbele ya mlango. Mwenyekiti kwenye kiti chake cha plastiki chenye mikono, wifi kulia kwake na kalenda mapajani, wanakikundi kwenye benchi kati ya mashimo. Shemeji wa mwenyekiti aliketi mbele kabisa, kalamu nyuma ya sikio. Mpimaji alisimama ukutani ameshika mashine, kichwa chini.

“Ndugu zangu wapendwa,” mwenyekiti akaanza. “Ajenda ya kwanza ni masikio. Lakini kabla ya masikio tupokee nguo ya nne. Mama Koti, karibu. Makofi!”

Wakapiga makofi. Mama Koti akasimama, blanketi mkononi.

“Ndugu zangu, nisameheni, msinipigie makofi kwanza. Nimekuja kusema kosa langu. Mume wangu anasikia. Mashine ndiyo haisikii, na aliyeizibia pua ni mimi.”

Watu wa benchi wakageuka kumtazama mpimaji.

“Wifi,” katibu akasema, “hapa si mahali pa kumkingia kifua mumeo.”

“Wifi, huyu mume wangu ni kaka yako. Ulimsahau lini?”

Watu wakacheka, wifi akaandika neno moja akalifuta. Mwenyekiti akajikohoza. “Mama, wewe ni mama wa ubunifu wa kikundi hiki. Unajitukana mwenyewe?”

“Mwenyekiti, nguo ya kwanza nilishona kwa akili yangu. Hizo nyingine nilishona kwa makofi.” Akatoa wembe aliouchomeka kwenye kijiti. “Naomba mnipe sahani.”

“Marufuku!” mwenyekiti akapaza sauti. “Vifuniko havifunguliwi! Katibu, soma azimio!”

“Liko kwenye buku,” wifi akasema kwa sauti ya chini. “Ndani.”

Mpimaji alikuwa ameshainua sahani na kumpakatisha mkewe. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akifanya jambo bila kuambiwa. Mama Koti akaanza na nyuzi za njano. Alizikata moja moja, jina la kamati likawa linaanguka kipande kipande, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe. Kitambaa cha fedha kikatoka kikichakarika. Ikaja sponji. Ilikuwa imelowa, imeoza pembeni, na mende wanne wakatoka wakakimbia wakamkwepa mwenyekiti.

Halafu akafungua tepe za kifuniko cha kwanza, akakiinamisha juu ya gazeti. Mchanga mweusi ukamwagika, wa kujaza bakuli.

“Huu una chuma ndani yake,” akasema. “Mashine ilikuwa inausikia huu, siku zote, na kile kitambaa. Mngesikia nini nyinyi, mtu akiwachezea bati sikioni kutwa?”

“Maneno matupu,” wifi akasema, ila bila nguvu.

Shemeji wa mwenyekiti, mzoefu wa sauti, alikuwa amesogea. Mfukoni alikuwa na sumaku ya spika kuukuu, aliyoitumia kushikizia vijimisumari vyake. Akaitoa kwa kujionyesha, ili athibitishe kwamba mama huyu hajui kitu, akaipitisha juu ya gazeti. Mchanga ukaruka, ukaishika sumaku kotekote, ukasimama wima kama nywele za mtu aliyeona jambo la kutisha.

“Ni kweli,” akasema kabla hajajizuia. Mwenyekiti akamtupia jicho, naye akarudi kwenye nafasi yake na sumaku yake yenye nywele.

Mama Koti akafuta sahani kwa kitambaa chenye maji matupu. Bado ilikuwa laini kama yai. Akakikung'uta kifuniko cha beseni, akakivalisha chenyewe tu, akafunga tepe. Mpimaji akavaa visikilizio, akapandisha nguvu ya mashine. Watu walimwona akitulia mabega, kama mtu aliyefunguliwa mlango kwenye chumba cha moshi.

“Nipite wapi?” akauliza.

“Tafuta ufunguo,” mtu wa benchi la nyuma akasema, na hakuna aliyecheka.

Akaanza ukutani. Kushoto kulia, kushoto kulia. Akapita katikati ya mashimo yake kumi na manne. Mara moja akasimama, akasema, “Kisoda,” na jembe likatoa kisoda. Akasimama tena, “Pini ya nywele,” na ikatoka pini ya nywele, ambayo wifi aliitambua. Akaenda mpaka mbele ya mlango, akasimama miguuni pa mwenyekiti. Akainamisha kichwa, akasikiliza.

“Mwenyekiti, naomba unyanyuke kidogo.”

“Kikao kinaendelea. Mwenyekiti hanyanyuki kikao kikiendelea.”

“Basi ahirisha kikao,” akasema Mama Koti kwa upole.

Mwenyekiti akaangalia kamati. Kamati ikaangalia mashimo. Akanyanyuka. Mpimaji akasogeza kiti, akapiga goti, akachimbua kwa vidole pale ulipokuwa mguu wa kiti, urefu wa kidole kimoja tu. Akatoa ufunguo na kipande cha kamba ya kiatu. Kwa miezi miwili mwenyekiti alikuwa ameukalia, na kila hotuba ilikuwa imeuzamisha kidogo zaidi.

Wifi hakungoja kuambiwa. Aliichana kalenda vipande viwili, vikawa vinne. “Kaka,” akasema bila kumtazama usoni, “Jumatatu utakwenda kilimani?”

“Nitakwenda,” mpimaji akasema. “Lakini jioni tutakuwa tunaifungua, tunaiosha.”

“Andika hilo, katibu,” mwenyekiti akaingilia haraka. Alikuwa ameshapata sauti yake. “Andika kwamba kamati, baada ya utafiti wa kina wa miezi miwili, imegundua umuhimu wa kuosha!”

Mlango ukafunguliwa. Hewa ya ndani ilinuka karatasi na panya. Buku la maazimio lilikuwa mezani, na kando yake, juu ya kitakia, mkasi, na kipande cha utepe mwekundu kimeuzunguka. Mwenyekiti akautoa nje kwa mikono miwili, akawageukia watu.

“Ndugu zangu wapendwa. Mkasi huu umekuwa shahidi wa historia yetu. Napendekeza utundikwe ukutani, ndani ya fremu ya kioo. Na kwa mama yetu huyu, kikundi hakina mkono wa birika. Tunaweza kumpa cheti. Tunaweza kumpa cheo, Mlezi Mkuu wa Vifuniko. Tunaweza hata kuagiza nguo ya tano, ya kumbukumbu, yenye jina lake mwenyewe kwa uzi wa dhahabu. Mama Koti, usione haya, leo ni siku yako. Sema mbele ya watu. Unaomba nini?”

Mama Koti akamtazama mumewe, aliyekuwa ameshaanza kuzungusha waya kwenye fimbo taratibu, akiuachia nafasi pale unapoingilia sahani. Akautazama wembe mkononi mwake, na vidole vyake vyenye mikato midogo midogo ya miezi miwili. Nyumbani kulikuwa na sare saba zinazongoja, na shule inafunguliwa Jumatatu.

“Naomba mkasi wangu.”